Hivi kweli wanawake vijana hawaguswi na video za ngono kama wanaume, au hawasemi tu? (18+)

#1 Mpenda Takwimu
Wakuu, salaam.

Mada hii ilizuka kazini wakati wa chai na ikaishia kwa watu kununiana. Naileta humu kwa kuwa humu watu husema.

Kuna utafiti wa Marekani wa Jason Carroll na wenzake, ulitoka 2008. Waliwahoji wanafunzi 813 wa vyuo kwenye vituo sita. Wanaume waliosema huangalia picha za ngono walikuwa asilimia 87. Wanawake, 31. Walipoulizwa kama ni jambo linalokubalika, asilimia 67 ya wanaume walisema ndiyo, wanawake 49.

Zitazameni hizo namba vizuri. Kwa wanawake, wanaokubali ni wengi kuliko wanaoangalia. Kwa wanaume ni kinyume, wanaoangalia ni wengi kuliko wanaokubali. Maana yake ni kwamba angalau mwanaume mmoja kati ya watano pale anaangalia kitu ambacho yeye mwenyewe hakiungi mkono.

Msimamo wangu: mwanaume kaumbwa kuitikia kwa jicho, kichwa kinafuata baadaye. Mwanamke anaanza na kichwa. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Nawasilisha.

#2 Kijana wa Gongo la Mboto
Mwanaume macho, mwanamke masikio. Hili hata bibi yangu analijua. Wasimamizi fungeni uzi.

#3 Binti Ngamiani
Usifungwe kabla sisi wenye masikio hatujasema.

Chuoni nilikaa hosteli, chumba cha watu wanne. Bando la usiku lilikuwa linaanza saa sita, na ikigonga tu unaona kila mtu kajifunika shuka gubigubi, mwanga wa simu unapenya. Tulikuwa tunajuana. Asubuhi hakuna aliyemuuliza mwenzake. Angekuja mtafiti na karatasi zake mchana, matroni kasimama mlangoni, wote wanne tungejaza "sijawahi".

Sasa mleta mada, hiyo 31 yako ni ya wanaoangalia au ni ya wenye ujasiri wa kusema?

#4 Daktari wa Zamu
Kuna njia ya kukwepa maneno ya watu: unatazama ubongo moja kwa moja. Stephan Hamann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walifanya hivyo 2004. Waliwaonyesha wanaume na wanawake picha zilezile wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Pande zote mbili walisema picha zimewasisimua, lakini sehemu mbili za ndani ya ubongo, amigdala na haipothalamasi, ziliwaka zaidi kwa wanaume. Hata wanawake waliposema wamesisimka zaidi, tofauti ilibaki.

Kwa hiyo mleta mada ana pa kusimamia.

#5 Namba Hazidanganyi
Daktari, ongeza na idadi basi. Walikuwa watu 28, wanaume 14 na wanawake 14. Ni daladala moja tu hiyo, tena asubuhi kabla haijajaa.

Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Tübingen, Ujerumani, walikusanya tafiti 61 za aina hiyohiyo, jumla ya watu 1,850. Walipozichambua zote kwa pamoja hawakuona tofauti ya maana kati ya ubongo wa kiume na wa kike unapotazama picha za ngono. Kilicholeta tofauti zaidi kilikuwa vitu vingine, kwa mfano kama mtu ameonyeshwa picha mnato au video.

Utafiti wa 2004 ulisambaa mno kwa sababu ulisema kile watu walichokuwa wanakiamini tayari. Huu wa 2019 haunukuliwi hata nusu yake.

#6 Kijana wa Gongo la Mboto
Wajerumani nao hawajawahi kukaa gheto la wanaume sita.

#7 Daktari wa Zamu
Namba, nakubaliana nawe kuhusu 28. Ila ubongo kuwaka mahali pamoja hakumaanishi watu wawili wamehisi kitu kimoja. Hapo ndipo kazi ya Meredith Chivers wa Kanada inapokuja.

Yeye na wenzake walitoa uchambuzi 2010 wa tafiti 132 za maabara, zilizochapishwa kati ya 1969 na 2007. Katika tafiti hizo mtu anaangalia filamu, kifaa kinapima mwili wake, na yeye mwenyewe anasema amesisimka kiasi gani. Swali lilikuwa moja: je, kifaa na mdomo vinakubaliana? Kwa wanaume kipimo cha makubaliano kilikuwa 0.66. Kwa wanawake 0.26.

#8 Mtoto wa Mjini Moshi
Daktari hizo 0.66 na 0.26 zishushe mtaani, wengine hesabu tuliziacha kidato cha pili.

#9 Daktari wa Zamu
Ingekuwa 1, kila mwili unapopanda, mtu naye anasema nimepanda kwa kiasi hichohicho. Ingekuwa 0, mwili na kauli havina habari na mwenzake. Wanaume wapo karibu na kukubaliana. Wanawake, mwili unaweza kuitikia na mwenyewe akasema sijahisi chochote, au akahisi na kifaa kisione kitu.

#10 Kijana wa Gongo la Mboto
Kumbe! Mwili unasema ndiyo, mdomo unasema hapana. Siku zote tulikuwa tunayasema haya tukaitwa wabaya.

#11 Binti Ngamiani
Gongo la Mboto, hiyo sentensi yako ndiyo inayowapeleka watu jela. Daktari naomba umjibu wewe, mimi nitatoka kwenye mada.

#12 Daktari wa Zamu
Namjibu, na hapa sitanii.

Mwili kuitikia si kuridhia. Damu kwenda mahali fulani ni kazi ya neva, mtu haiamrishi. Tumbo linanguruma ukisikia harufu ya nyama choma, na hata kama umefunga linanguruma. Nimehudumia wanawake waliofanyiwa ukatili ambao miili yao iliitikia wakati wa tukio, na hilo peke yake liliwatesa kuliko jeraha lenyewe, wakidhani ni ushahidi kwamba walitaka. Wanaume waliofanyiwa hivyo nao wapo na wanabeba mzigo uleule, tena kimya zaidi.

Baadhi ya watafiti wanadhani mwili wa mwanamke huitikia upesi kwa dalili yoyote ya ngono ili kujikinga usiumie, apende asipende. Hiyo ni dhana yenye wanaoiunga mkono na wanaoipinga. Lakini hakuna mtafiti anayezichukua zile namba kuwa kibali. Anayetaka kujua kama mwanamke anataka, amsikilize anachosema.

#13 Kijana wa Gongo la Mboto
Nimekuelewa daktari.

#14 Somo wa Bagamoyo
Wanangu hamjambo. Nimefunda wali tangu enzi za taa ya chemli, naomba na mimi nichangie.

Mnaongea kama mwanamke wa huku hakuwahi kuonyeshwa mambo. Ngoma ya unyago ina nyimbo ambazo nikiziandika humu nitafungiwa. Kuna michezo ya viuno, kuna vinyago vya udongo kwa makabila mengine, na kila kitu kinatajwa kwa jina lake. Wanawake wanacheka, wanapiga vigelegele, wanatunzana. Hakuna anayeona haya, kwa sababu mlango umefungwa na mwanaume hayupo. Mwanamke ana macho kama ninyi. Alichofunzwa ni mahali pa kuyafungua.

Siku hizi kwenye kicheni pati mabinti wananiuliza mambo ambayo miaka ya nyuma sikuulizwa. Hawaniulizi "nimfurahishe vipi?", wananiuliza "somo, hivi kile wanachofanya kwenye simu na mimi lazima nikifanye?" Hapo najua bwana harusi kafundwa na simu, bibi harusi nimeletewa mimi, na wote wawili wanakwenda kulala kitanda kimoja.

#15 Mtoto wa Mjini Moshi
Shikamoo somo. Hiyo aya ya mwisho ingekuwa uzi peke yake.

#16 Ustadhi Mchanga
Assalam aleikum. Mleta mada anasema jicho ni la mwanaume. Fungueni Suratun-Nur. Aya ya 30 inawaamuru waumini wanaume wainamishe macho yao. Aya ya 31 inawaamuru waumini wanawake kwa tamko lilelile, wainamishe macho yao. Ingekuwa mwanamke hana la kuona, asingeamrishwa.

Tatizo letu ni kwamba misikitini na majumbani aya ya 31 tunaisoma tukaruka hadi kwenye mavazi. Tukamwambia binti afunike mwili wake, hatukumwambia neno kuhusu macho yake. Akipatwa na mtihani huo hana hata pa kuusemea, kwa kuwa kwa mujibu wetu mtihani huo ni wa kaka yake.

#17 Nahodha wa Likoni
Ustadhi hapo umegonga ndipo. Salamu kutoka Mombasa.

Mimi naona mnasahau habari ya simu. Huku kwetu simu ya mume ina nambari ya siri, simu ya mke inashikwa na watoto, shemeji na mume mwenyewe. Mke wangu hawezi kufungua kitu kama hicho hata akitaka, mtoto atakifufua kesho yake akitafuta katuni. Mwanaume ana faragha, mwanamke hana. Toa hiyo tofauti kwanza ndipo tuzungumze maumbile.

#18 Mzee wa Kibanda
Nahodha, kabla ya simu ilikuwa hivyohivyo. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha video, deki moja, televisheni ya inchi 21, mabenchi ya mbao. Mchana Wahindi na Wachina wa ngumi. Saa nne usiku natoa watoto wote, nafunga turubai mlangoni, nachaji mara tatu. Wanaojaa ni wanaume watupu, hakuna mwanamke hata mmoja. Wewe mleta mada ungekuja kuhesabu ungeandika asilimia mia na sifuri.

Lakini kanda hizohizo zilikuwa zinaazimwa. Anakuja kijana anasema "nimetumwa na dada, anataka ile ya jana." Inarudi baada ya siku mbili imefungwa kwenye kanga. Nilikuwa najua nyumba kadhaa ambazo hazina mwanaume kabisa na kanda zilikuwa zinakwenda.

#19 Namba Hazidanganyi
Mzee wa Kibanda kaeleza kwa kanga kitu ambacho Michele Alexander na Terri Fisher walikipima 2003 kule Ohio.

Waliwagawa wanafunzi makundi matatu. Kundi la kwanza walijaza majibu wakidhani msimamizi anaweza kuyasoma. La pili walijaza kwa siri. La tatu walifungwa nyaya za mashine wakaambiwa inanasa uongo. Mashine ilikuwa ya bandia, haikunasa kitu. Tofauti kati ya wanaume na wanawake ilikuwa kubwa kabisa kwenye kundi la kwanza, ya wastani kwenye la pili, na karibu ikaisha kwenye la tatu. Na mambo yaliyoonyesha hilo wazi zaidi yalikuwa yale ambayo mwanamke huhukumiwa kuliko mwanaume: punyeto, na kuangalia picha za ngono.

Binti Ngamiani, chumba chenu cha hosteli kilikuwa kundi la kwanza.

#20 Mpenda Takwimu
Nawasoma wote. Bado sijang'oka.

Tuseme 31 iwe 60. Bado kuna suala la mara ngapi. Kwenye utafiti uleule wa Carroll, karibu nusu ya wanaume walisema huangalia angalau kila wiki. Wanawake wa kila wiki walikuwa wachache mno. Aibu inaweza kumfanya mtu aseme "sijawahi". Lakini aliyekwisha kukiri kwamba huangalia, kwa nini aone aibu kusema ni kila wiki?

#21 Binti Ngamiani
Kwa sababu "mara mojamoja" inasameheka na "kila wiki" haisameheki. Mwanamke akikubali kosa hulikubali kwa kipimo kidogo. Hujawahi kumuuliza mkeo bei ya kitenge?

#22 Mpenda Takwimu
Hapo kwenye kitenge umenipata, ila si kwenye hoja.

#23 Chausiku M
Mbona hamtaji chombezo?

Mimi ni mmoja wa wasomaji. Kuna magrupu ya WhatsApp ya simulizi, wanawake watupu, mia mbili na zaidi. Mwandishi anatupia sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, kuanzia ya kumi na moja unatuma buku. Watu wanatuma! Saa tano usiku mtu anaandika "admini tunaomba mwendelezo, hatulali". Na yaliyomo humo hayana tofauti na video, ila kuna jina la mtu, kuna nyumba, kuna mama mkwe, kuna sababu ya hao wawili kufika chumbani. Video unakuta watu hata salamu hawajapeana.

Sasa ukija na dodoso lako "je, unaangalia picha za ngono?" mimi nitajibu hapana, na sitakuwa nimekudanganya.

#24 Dada wa Utrecht
Chausiku asante. Naishi Uholanzi, na kuna mwanasayansi wa Amsterdam, marehemu Ellen Laan, aliyelipima jambo la karibu na hilo mwaka 1994. Aliwaonyesha wanawake vipande viwili vya filamu. Kimoja kilitengenezwa na mwanamke kwa ajili ya wanawake, kingine ni cha kawaida kilichotengenezwa na mwanaume. Kifaa kilionyesha mwili uliitikia sawa kwa vyote viwili. Lakini walipoulizwa, wanawake walisema kile cha mwanamke kiliwasisimua zaidi, na kile cha mwanaume kiliwaletea aibu, hatia na kinyaa.

Hii inarudi kwa Daktari #7. Huenda si maumbile ya mwanamke yanayofanya mdomo na mwili wake viachane. Huenda vinaachana kwa sababu filamu nyingi walizoonyeshwa maabara tangu 1969 hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mwili umeona ngono, yeye ameona mwanamke mwenzake akidhalilishwa. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

#25 Daktari wa Zamu
Hoja nzuri, na Chivers mwenyewe na wenzake waliligusa suala la aina ya filamu. Ila pengo halifutiki lote hata ukibadilisha filamu. Bado nalishikilia.

#26 Macho Kodo
Kuhusu "mwanaume macho", mwaka 2007 Heather Rupp na Kim Wallen, hukohuko Emory, walifuatilia macho ya watu wakitazama picha hizo, kifaa kinaonyesha jicho limetua wapi. Wanaume waliangalia uso wa mwanamke kuliko wanawake walivyouangalia. Wanawake waliokuwa wanatumia vidonge vya uzazi wa mpango walitazama zaidi mavazi na mandhari ya nyuma. Wasiotumia walitazama zaidi zile sehemu mnazodhani wanaume ndio huzikodolea.

Gongo la Mboto, mwambie bibi.

#27 Kijana wa Gongo la Mboto
Uso?? Hapana mkuu, hao Wamarekani walikuwa wanajua wanapimwa wakajifanya wastaarabu.

#28 Binti Ngamiani
Kwa hiyo wanaume nao wakipimwa wanajifanya? Karibu kundi la kwanza.

#29 Sina Jina Leo
Wakuu nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya hili. Naomba msinicheke.

Nina miaka 24, ni muumini, naimba kwaya. Naangalia karibu kila siku. Nikimaliza nafuta kila kitu, natubu, naapa. Usiku mwingine narudi. Nina mchumba na harusi imekaribia. Naogopa nimeshaharibika. Kuna video mtandaoni zinasema ubongo unaoza na nguvu zinaisha, na wanaozisema wanauza dawa. Nisaidieni kujua kama huu ni ugonjwa.

#30 Mtoto wa Mjini Moshi
Hakuna anayekucheka ndugu. Na hao wa dawa wasikuone na pochi.

#31 Daktari wa Zamu
Kijana, karibu.

Kwanza, ubongo wako hauozi, na usinunue unga wala mizizi ya mtu yeyote. Pili, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeweka tatizo la tabia ya ngono isiyodhibitika. Limewekwa kwenye kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo, halikuitwa uraibu. Linatajwa pale mtu anaposhindwa kujizuia kwa muda mrefu, miezi sita au zaidi, hadi kazi, afya au mahusiano yanavurugika, na anaendelea hata kama hapati tena raha. Na wameandika wazi kwamba dhiki inayotokana na hukumu ya kimaadili peke yake haitoshi kusema mtu ana ugonjwa huo.

Joshua Grubbs wa Marekani amelifanyia kazi sana jambo hili. Watu wa dini ambao wanaangalia huku wanaamini ni kosa, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kujiita waraibu kuliko wenzao wanaoangalia kiasi hichohicho bila kulikataa. Sisemi imani yako ndiyo tatizo. Nasema kuna mizigo miwili, wa tabia na wa hatia, na inafaa mtu akusaidie kuitenganisha. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha afya ya akili. Nenda, ukamwambie daktari hivihivi ulivyoandika hapa.

#32 Mpenda Takwimu
Pole sana ndugu. Na ndiye yule mmoja kati ya watano niliyemtaja kwenye #1. Nilimtaja kama namba.

#33 Ustadhi Mchanga
Kijana, mlango wa toba haufungwi kwa kuhesabu ulivyogonga. Na la daktari lifuate, kutafuta tiba ni katika dini.

#34 Mke wa Mtu
Nimesoma toka mwanzo. Mnapima kusisimka tu, kana kwamba kitu hicho kinaleta jambo moja.

Mume wangu alinionyesha mwanzoni mwa ndoa yetu, akasema tujifunze pamoja. Mimi sikusisimka na sikuchukia. Niliangalia tumbo la yule dada. Halina alama hata moja. Nikaangalia matiti yake, nikayafikiria yangu baada ya kunyonyesha. Tangu siku hiyo nikawa nazima taa. Yeye anadhani nimekuwa mshamba, anadhani sipendi. Naitikia vizuri sana, ila naitikia kwa kujilinganisha, na hakuna kifaa mlichokitaja humu kinachopima hilo.

Yeye anaangalia yule mwanamke na kumtaka. Mimi naangalia mwanamke huyohuyo na kumuogopa.

#35 Chausiku M
Dada umeniliza.

#36 Namba Hazidanganyi
Mke wa Mtu, hilo lako ni la maana kuliko namba zangu nyingi. Niongeze moja tu. Paul Wright na wenzake walikusanya tafiti 50 mwaka 2017, zaidi ya watu 50,000 kutoka nchi 10. Walikuta kwamba wanaume wanaoangalia zaidi huwa na kuridhika kidogo na mahusiano yao. Kwa wanawake hawakuona uhusiano huo.

Tahadhari: haisemi kipi kimeanza. Huenda asiyeridhika ndiye anayekwenda kuangalia.

#37 Binti Ngamiani
Na waliwauliza wanawake wanaoangalia wenyewe. Mke wa Mtu haangalii, anaangaliwa pembeni ya anachoangalia mumewe. Huyo yuko kwenye safu ipi?

#38 Chipukizi wa Buguruni
Uzi mzuri ila hauna mifano. Nani ana koneksheni, ile video iliyovuja, ya yule dada wa juzi?

#39 Msimamizi
Chipukizi, onyo la kwanza na la mwisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 14: kusambaza picha za ngono ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Jukwaa hili halitabeba hilo kwa ajili yako.

Na "yule dada wa juzi" ni binti wa watu aliyevujishiwa na mtu aliyemwamini.

#40 Shemeji wa Kampala
Kuhusu sheria, huku Uganda tulikuwa na sheria ya kupinga picha za ngono ya 2014. Watu wakaiita sheria ya sketi fupi. Ilipopita, wanawake walivamiwa mitaani na kuvuliwa nguo na wanaume waliodai wanatekeleza sheria. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Kama mnatafuta tofauti ya jinsia, ipo hapo: mwanaume anaangalia, anayepigwa ni mwanamke aliyekuwa anasubiri taksi.

#41 Nahodha wa Likoni
Kenya sheria ya 2018 inamshika anayesambaza picha za faragha za mwenzake, faini hadi laki mbili au miaka miwili. Wanaojitokeza kushtaki ni wachache, maana kituo cha polisi wataitaka hiyo video iwe ushahidi na kila askari ataiona.

#42 Somo wa Bagamoyo
Mke wa Mtu, mwanangu, nimekusoma jana nikalala nayo.

Usimwambie mumeo wakati wa kulala. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, mmeshakula. Mwambie kama ulivyotuambia sisi, kuhusu tumbo na kuhusu taa. Usianze na simu yake, ukianza na simu ataitetea simu. Na yule kijana wa kwaya naye amwambie mchumba wake kabla ya ndoa, si siku ya kwanza ya fungate.

#43 Sina Jina Leo
Asante somo. Nitamwambiaje bila kumpoteza?

#44 Mke wa Mtu
Kaka, mimi ningependa kuambiwa. Kilichoniumiza ni kuonyeshwa bila kuulizwa. Mwambie, halafu nyamaza umsikilize, hata akilia.

#45 Mpenda Takwimu
Nikirudi kwenye swali langu: nimeelewa kuhusu aibu, simu, nani katengeneza filamu na nani kapima. Bado nasema "mara ngapi" haijaelezwa yote.

#46 Chausiku M
Hesabu na sehemu za chombezo kwenye hizo mara ngapi, halafu urudi. Mimi jana nimesoma nne.